Chaza wasihukumiwe kwa kipimo kimoja

Mhariri,

Nimesoma habari yenu kuhusu chaza wa Prince Edward Island, Kanada, ambako ugonjwa wa MSX, unaoletwa na kimelea na kuua chaza, ulithibitishwa Julai 2024. Nimefurahi kuona gazeti la Kiswahili limemkumbuka mnyama asiye na wa kumsemea. Ila mliposema kwamba kipimo cha vinasaba kikishakuta kimelea basi chaza wa ghuba nzima ni wagonjwa, hapo sikukubali. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na kwa miaka 11 sasa kazi yangu ni kupasua chaza katika maabara moja ya Virginia, Marekani.

Chaza huchuja maji usiku na mchana, na vilivyomo majini humpitia tumboni. Ukisaga kipande cha nyama yake ukatafuta vinasaba, jibu la "kipo" laweza kutokana na kimelea kilichomezwa leo na kitakachotoka kesho na kinyesi. Ili useme anaugua, sharti ukione kimelea ndani ya nyama yenyewe. Kwa hiyo tunamkata mkato mmoja unaopita tumboni na kwenye mashavu, tunaugandisha kwenye nta, tunauchanja vipande vya unene wa maikroni (elfu ya milimita) 5 hivi, tunavibandika kwenye vioo, tunavitia rangi, kisha tunakaa kwenye hadubini. Kuna mwaka chaza wanne wa mto mmoja walikutwa na vinasaba vya MSX. Nilikaa na vioo vyao siku mbili. Watatu nyama yao ilikuwa safi. Wa nne, kandokando ya mirija ya kumeng'enyea chakula, yalijaa matufe ya kimelea yenye viini vingi, na huyo ndiye aliyekuwa amenona kuliko wenzake.

Simaanishi kwamba vinasaba havina kazi. Chaza walipokufa kwa wingi katika ghuba za Marekani, Delaware mwaka 1957, na Chesapeake mwaka 1959, wataalamu walikiona kimelea wasijue ni nini. Wakakiita tufe lenye viini vingi (kwa Kiingereza multinucleated sphere), wakaongeza X ya kisichojulikana, na ndipo lilipotoka jina MSX. Jina la kisayansi, Haplosporidium nelsoni, lilikuja baadaye. Mwaka 2000 vinasaba ndivyo vilivyoonyesha kwamba ni kilekile kinachoishi ndani ya chaza wa Pasifiki, ambao hakiwadhuru sana. Hadubini pekee isingetufikisha huko.

Na njia nyingine hazihitaji fedha nyingi. Kwa Dermo, ugonjwa mwingine wa chaza unaoletwa na kimelea, bado tunatumia njia ya mtafiti Sammy Ray ya mwaka 1952: kipande cha utumbo wa nyuma na cha utando unaopakana na gamba vinatiwa kwenye chupa ya thayoglikoleti, mchuzi wa kukuzia vimelea, na kuwekwa gizani kwa siku 5 hadi 7. Ukidondosha iodini, vimelea vilivyovimba vinageuka bluu iliyokaribia weusi, mviringo kamili, vimetapakaa kama mbegu za hiliki. Maabara ya chuo chochote cha pwani yetu yaweza kuifanya.

Kinachonikera zaidi ni idadi. Ikiwa wagonjwa ni 2 katika kila 100, inabidi upasue chaza wapatao 150 ndipo uwe na uhakika wa asilimia 95 kwamba utamnasa japo mmoja. Habari yenu haikutaja hata mara moja ni wangapi walipasuliwa.

Chaza wa kufugwa ana mwenyewe wa kuhesabu maiti. Wa porini hufa chini ya maji, gamba linaachama, kaa na samaki wanamsafisha kwa siku chache, na anayekuja baadaye anakuta magamba matupu yasiyoweza kupimwa. Ndiyo maana tunawachukua wakiwa wazima, mwaka hadi mwaka, kwenye miamba ileile. Nawafikiria akina mama wa Fumba, Unguja, wanaofuga chaza wa lulu, na wale wanaobandua chaza miambani maji yakitoka. Kabla mtu hajawaletea mbegu ya chaza kutoka bahari nyingine, wa kwao wapasuliwe na vioo vyao vihifadhiwe.

Naomba mrekebishe habari ile, na mwongeze ambalo halikuandikwa: MSX haimdhuru mtu anayekula chaza. Nina picha za vioo, vya mgonjwa na vya mzima, zilizopigwa kwa ukuzaji mmoja. Mkizihitaji nitazituma.

Msomaji wenu,
Virginia, Marekani