Hela ya mpima sitatuma

Dijon, Jumapili usiku

Kaka Elia, shikamoo.

Ujumbe wako wa hela ya mpima ardhi niliupata, na ule wa pili, na sauti ya Godi akinikumbusha. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na hasira. Mnataka nichangie gharama za kukikata kihamba cha Baba, shamba letu la migomba na kahawa, vipande vinne, na kwenye orodha ya hivyo vipande jina langu halimo. Nilipomlipia Godi ada miaka mitatu hakuna aliyesema mimi ni mtoto wa kike, nitaolewa kwingine. Hilo nitalirudia mbele ya Mama nikija.

Sasa nisikilize. Mnajua nafanya kazi kwenye mizabibu, ila hujawahi kuuliza ni mizabibu ipi. Niko ndani ya Clos de Vougeot, kaka, shamba la mizabibu lenye jina hapa Burgundy, Ufaransa. Watawa wa monasteri ya Cîteaux walianza kulipata shamba hili karne ya 12, kipande kwa kipande, kisha wakalizungushia ukuta wa mawe ambao naupita kila asubuhi. Ni kama hekta 50 hivi. Mapinduzi ya 1789 yalipokuja, watawa walinyang'anywa na shamba likauzwa, lakini hata walionunua hawakulikata. Lilikuja kugawanywa mwaka 1889. Tangu hapo ni kuuziana na kurithishana, na sheria ya huku inampa kila mtoto haki yake, wa kike kwa wa kiume. Leo lina wenyewe kama 80. Tajiri wangu ana mistari michache tu, na jirani yake hivyohivyo.

Utaniambia, mbona waligawana na mvinyo wao bado ni wa bei kali? Ndiyo, waligawana. Ila ukuta hawakuugusa, na hakuna mwenye ubavu wa kung'oa mizabibu ajenge fremu za maduka. Tangu 1937 kuna kanuni: ukipanda unavyotaka mwenyewe, chupa yako haipewi jina la shamba. Jumba la 1551 lipo katikati, na banda la watawa lenye mitambo minne ya kukamulia, magogo ya mwaloni manene kuliko ule mti wa mruka wa kwa Babu. Nilisimama pale nikakumbuka kinu cha kahawa mlichouza chuma chakavu. Mwaka 2015 UNESCO iliyaingiza mashamba ya ukanda huu kwenye urithi wa dunia. Na sisi je? Kihamba cha Shimbwe Juu, hapo jirani tu na kwetu Kilimanjaro, FAO, shirika la kilimo la Umoja wa Mataifa, walikitambua tangu 2011. Wageni wanaona thamani ya migomba na kahawa chini ya miti mikubwa, nyie mnaona viwanja.

Mwaka huu nimekabidhiwa mistari yangu mwenyewe ya kupogolea. Hawampi kila mtu, kaka. Ukikata vibaya Januari, Septemba hakuna zabibu, na jeraha la mkasi linabaki kwenye mti miaka na miaka. Mzee wa hapa alipita nyuma yangu mti kwa mti, hakusema neno, mwisho akanishika bega. Baridi ipo, tuiache. Matawi tunayachoma palepale ndani ya pipa lililokatwa, lina gurudumu kama toroli, unalisukuma huku unaota moto. Moshi wake una harufu ya jikoni kwa Mama asubuhi, kabla kuni hazijashika vizuri. Juzi nililia, wakadhani ni moshi.

Kwa hiyo hela ya mpima sitatuma. Andikeni majina yetu yote watano, mimi nikiwemo, kila mtu ajue anapalilia wapi, lakini masale, ile mimea ya mpakani, yabaki yaleyale ya Baba na asiuze mtu kwa mtu wa nje. Mkikubali hilo, gharama za mwanasheria nabeba mimi peke yangu.

Ijumaa natuma ya kuzibua mfongo, ule mfereji wa maji, maana Mama kaniambia maji hayafiki migomba ya chini tangu Pasaka. Itaingia kwenye simu yake, si yako, usikasirike. Na Godi aache kufunga mbuzi kwenye masale ya kaburi la Bibi, nimeona kwenye picha.

Mdogo wako,
Ndeshi