Makanisa yanayoalika wainjilisti yakumbuke kalenda ya shule

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo waumini wengi wa Pwani huliona kila mwaka bila kulijadili, nalo ni maisha ya familia za wainjilisti wanaosafiri kutoka mkutano mmoja hadi mwingine, na hasa masomo ya watoto wao. Mimi ni mke wa mwinjilisti. Makao yetu yako Malindi, lakini sehemu kubwa ya mwaka huwa tuko tulikoalikwa, mara Kakoneni au Ganze, mara ng'ambo ya daraja la Sabaki kupitia Gongoni na Marereni hadi Garsen, Witu, Mpeketoni na Hindi. Siandiki kuulalamikia wito huo, maana tuliuingia kwa hiari na bado tunaupenda. Ninaandika kuyaomba makanisa yanayotualika yaache kupanga mikutano mirefu katikati ya muhula, na pale isipowezekana, yaiulize familia mapema watoto watasoma wapi.

Kwanza niseme kidogo kuhusu riziki yetu, kwa sababu wapo wanaoamini kwamba kila anayeshika maikrofoni jukwaani hurudi nyumbani na kitita cha pesa. Huenda wapo wa namna hiyo katika miji mikubwa. Katika mikutano ya vijijini ninayoifahamu, sadaka inayokusanywa hulipia kwanza petroli ya jenereta, kisha ukodishaji wa spika na turubai, kisha chakula cha wageni, na kinachosalia, kama kipo, ndicho hutiwa katika bahasha ya mhubiri usiku wa kufunga mkutano. Bahasha hiyo haina kiwango. Kuna kanisa dogo lililoezekwa makuti huko Magarini ambalo lilitupa mbuzi pamoja na nauli ya kurudia, na kuna kanisa kubwa zaidi ambalo lilitusindikiza kwa maombi peke yake. Kwa kuwa hatuna mwajiri, mchango wetu kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF Oktoba 2024, tunautoa wenyewe, na utaratibu wa wasio na mshahara ni kulipa mchango wa mwaka mzima, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Mwenye mshahara hatauona mzigo huo. Familia inayosubiri bahasha hulazimika kuupangia miezi kadhaa kabla.

Malazi nayo hutegemea moyo wa mwenyeji. Tumepewa vyumba ambavyo wenye nyumba walihama wenyewe wakalala jikoni, na tumelala katika vyumba vya kuhifadhia viti vya kanisa. Sina neno juu ya hilo, kwani mgeni hali chake.

Safari ya upande wa Lamu ina mambo yake. Barabara kutoka Garsen hadi Mokowe sasa ina lami, lakini tangu shambulio la Mpeketoni la Juni 2014 abiria wa njia hiyo wamezoea kushushwa kwenye vizuizi vya polisi, kukaguliwa vitambulisho, na nyakati za wasiwasi kusubiri magari yakusanyike ili yasindikizwe kwa msafara. Mto Tana ukifurika, kama ulivyofurika wakati wa mvua za El Niño mwishoni mwa 2023, barabara hukatika karibu na Garsen na aliyekuwa ng'ambo hubaki ng'ambo. Ukifika Mokowe unapanda boti, na ukishuka kisiwani Lamu spika hubebwa na punda. (Watoto wangu huipenda sehemu hiyo ya safari kuliko mahubiri yenyewe, na sioni sababu ya kuwakemea.) Katika mji wa Lamu hatufanyi mikutano ya hadhara, bali ibada za ndani tu kwa waumini waliopo, kwa sababu mji ni wa Waislamu na mgeni mwenye adabu hujua alipo. Jirani yetu wa mtaa wa Langoni, mama wa Kiislamu, huwaita watoto wetu wanywe chai na mahamri kila tufikapo, na Ramadhani ikiingia sisi hatuendi kabisa. Niliona ni vyema kulitaja hili kwa sababu barua nyingi kuhusu dini katika magazeti yetu huandikwa kana kwamba watu wa Pwani hawajui kuishi pamoja.

Sasa nije kwa watoto. Zamani mtoto angeweza kuketi katika shule yoyote iliyokuwa karibu, akaandikwa katika daftari la mwalimu, na wazazi wakiondoka akaondoka nao. Mambo hayako hivyo tena. Kila mwanafunzi husajiliwa katika mfumo wa kompyuta wa Wizara ya Elimu kwa cheti chake cha kuzaliwa na kupewa namba yake mwenyewe, na namba hiyo huwa chini ya shule moja. Ili ahamie nyingine, shule ya kwanza lazima imwachilie katika mfumo, ndipo ya pili impokee. Shule moja ya umma, ambayo sitaitaja, ilikataa kumwachilia mtoto wetu kwa sababu ya deni la pesa za chakula cha mchana, na muda wote tuliokuwa tukitafuta pesa hizo mtoto aliketi darasani katika shule nyingine kama mgeni, jina lake likiwa halimo popote katika orodha ya mwalimu wake. Vitabu vinavyotolewa na serikali navyo hufuata orodha. Mtoto wa namna hiyo husoma kwa kuchungulia kitabu cha jirani.

Jambo lililo zito zaidi ni tathmini. Katika mtaala wa sasa matokeo ya mtoto hayategemei mtihani mmoja wa mwisho. Anayemaliza gredi ya tisa huhesabiwa asilimia 20 kutokana na KPSEA, tathmini ya kitaifa aliyoifanya katika gredi ya sita, asilimia 20 nyingine kutokana na tathmini zinazofanyiwa shuleni katika gredi ya saba na ya nane, na asilimia 60 kutokana na KJSEA, tathmini ya kitaifa ya gredi ya tisa iliyofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025. Tathmini za shuleni hufanywa na mwalimu wake, katika shule aliyosajiliwa, kwa wakati uliopangwa. Mtoto ambaye siku hizo yuko Witu akiwasaidia wazazi kupanga viti hapati alama, na miaka miwili baadaye, hata akijitahidi namna gani, pengo hilo litakuwa bado lipo. Ninayaeleza haya kwa kirefu kwa sababu nimezungumza na wazee wa makanisa ambao kwa nia njema kabisa huniambia kwamba watoto wa watumishi "Mungu atawaona". Naamini Mungu huwaona. Alama hizo, hata hivyo, huingizwa na mwalimu.

Wapo wanaouliza kwa nini mama asibaki nyumbani na watoto, baba aende peke yake. Ni swali la haki, na familia kadhaa ninazozijua zimeamua hivyo, hasa mtoto anapokuwa katika mwaka wa mtihani. Lakini wenyeji hao hao wanaouliza ndio wanaoandika katika barua ya mwaliko kwamba mtumishi aje pamoja na mama mchungaji. Wanajua kwamba baada ya mahubiri kuna wanawake wanaobaki nyuma wakiwa na mambo ya ndoa, ya uzazi na ya kupigwa, ambao hawawezi kumfungulia moyo mwanamume wasiyemjua mbele ya jukwaa. Kazi hiyo hufanyika kwenye mikeka, usiku, na haionekani katika picha za mkutano. Pia kuna ndoa yenyewe. Mhubiri anayelala miezi mingi katika nyumba za watu bila mkewe hujiweka mahali pabaya, na makanisa yetu yana visa vya kutosha vya kutukumbusha.

Historia ya Pwani hii ingepaswa kutufanya tuwe waangalifu. Hapa Malindi wageni huonyeshwa kanisa dogo la Wareno na kuelezwa kwamba Mtakatifu Fransisko Ksaveri alipita hapa mwaka 1542 akielekea Goa. Yeye hakuwa na mke wala mtoto wa kumfikiria. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 akiwa na mkewe Rosine aliyekuwa mjamzito, na mwezi Julai mwaka huo huo mama na mtoto aliyezaliwa wakafariki kwa homa na kuzikwa upande wa Nyali. Miaka miwili baadaye Krapf na mwenzake Johannes Rebmann wakaanzisha kituo cha Rabai, na vitabu vya shule huanza kumsimulia Krapf hapo, kwa sifa zote anazostahili. Rosine hupewa mstari mmoja. Nimewasikia wahubiri wakilitumia kaburi lile kama mfano wa kujitoa, nami kila mara hujiuliza kama mwanamke yule alipata nafasi ya kuamua lolote kuhusu safari ile.

Kuna sababu nyingine, na sisi wa Malindi hatuwezi kuikwepa. Tangu Aprili 2023, zilipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola maiti za wafuasi wa mhubiri mmoja, ambazo mwishowe zilizidi 400, mhubiri asiye na anwani inayojulikana hutazamwa kwa jicho lingine, na mimi siwalaumu wanaomtazama hivyo. Tukifika mahali sasa tunaanzia kwa chifu na kwa mkuu wa kituo cha polisi, tukiwa na barua ya kanisa mwenyeji na vitambulisho vyetu. Jopokazi lililoongozwa na Mchungaji Mutava Musyimi lilimkabidhi Rais ripoti yake mwaka 2024, na mjadala wa sheria ya mashirika ya dini umeendelea tangu hapo, baadhi ya wahubiri wakiupinga kwa kutaja uhuru wa kuabudu ulio katika kifungu cha 32 cha Katiba. Uhuru huo ni wetu sote. Lakini kifungu cha 53 cha Katiba hiyo hiyo kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na chifu anapoona watoto wa umri wa shule wakizunguka kwenye uwanja wa mkutano saa nne asubuhi siku ya Jumanne, ana haki ya kuuliza ni wa nani na wanasoma wapi. Nimewahi kuulizwa. Nilikuwa na jibu, lakini halikuwa jibu la kujivunia.

Najua makanisa yatasema kwamba mikutano hufuata nafasi ya watu. Tuangalie basi nafasi hiyo. Likizo ya Aprili mara nyingi huangukia mvua za masika, kwa hiyo sitaisisitiza. Agosti mvua kubwa zimepita, mahindi ya masika yanavunwa katika sehemu nyingi za Magarini na Ganze, na watu wana kitu mkononi. Novemba na Desemba shule zimefungwa kwa wiki nyingi, na jamaa walio Mombasa na Nairobi hurudi makwao kwa sikukuu. Hizo ni nyakati nzuri za mikutano hata kama mhubiri hangekuwa na mtoto hata mmoja. Mikutano ya Februari na Juni huwekwa kwa mazoea tu, kwa sababu ndivyo kamati zilizotangulia zilivyofanya. Mwaliko wa Ijumaa hadi Jumapili katikati ya muhula hautudhuru sana. Wa wiki mbili au tatu ndio unaotuvunja.

Kwa upande wetu, watoto sasa wamesajiliwa katika shule moja hapa Malindi, deni la chakula limelipwa, na dada yangu amekubali kukaa nao tunapokuwa safarini wakati wa muhula. Tumewaandikia waliotualika Juni tukiwaomba wasogeze mikutano yao hadi Agosti. Wenyeji wa Hindi wamekubali. Wengine wawili hawajajibu, nami natumaini wao pia ni wasomaji wa gazeti hili.

Mke wa mwinjilisti,
Malindi, Kaunti ya Kilifi