Geuza ampli uangalie mgongo, ndio ulipe

Bwana Mhariri,

Jambo sana kwako na kwa batu yote ya gazeti. Niko mkaaji wa Katuba, hapa Lubumbashi, naandika juu ya vile banatuuzishia ampli, mashini za kukuza sauti, zenye redio ndani, zile banaita resiva, juu yetu ya nyumbani imekufa, kuran ya umeme ilikatika usiku ikarudi na nguvu, na tangu pale niko natembea mu magazini na kwa bauzishaji wa okazio, vitu vyenye vilishatumika, natafuta ingine. Kila pahali banakuonyesha kitu moja tu: kartoni imeandikwa wati 3000. Ukigeuza mashini unakuta nyuma etiketi inasema inakula wati 150. Sasa hizo 3000 zinatoka wapi? Ile ni hesabu ya PMPO, nguvu ya kufumba na kufumbua tu, ya kupendeza macho, mashini haiwezi kutoa nguvu kama hiyo ikiendelea kuimba.

Mwenye anatengeneza kazi ya kweli anaandika wati ngapi kila upande, juu ya ohm 8 (ohm ni kipimo cha vile bafle, ni kusema spika, inazuia kuran), bafle zote mbili zikiimba pamoja, na distorsio, kuharibika kwa sauti, ni asilimia ngapi. Kwa salon ya kawaida wati 40 safi kila upande zinatosha kabisa, na hata ukiongeza mara mbili, 40 ikuwe 80, unapata desibeli 3 tu juu, sikio linasikia tofauti kidogo. Kuliko kukimbilia namba, uliza kwanza bafle zako ziko ohm ngapi. Kama ziko 4 na ampli inasema isishuke chini ya 8, itapata moto mpaka ijizime ao iungue. Na ukifunga bafle za 8 jozi mbili pamoja, A na B, mara nyingi ampli inaona 4, hapo batu bengi hawajue.

Lakini yenye inaniumiza zaidi ni okazio. Zinaingia mingi, nzuri sana, Pioneer na Sansui za zamani zenye uso wa chuma, mi nazipenda kweli. Zile zilitengenezwa za kuuzishwa Japani zinatumika na volti 100, za Marekani 120, sisi prizi iko 220. Ukitia moja kwa moja imeisha. Utasema nitanunua transfo ya kushusha volti, sawa, nunua yenye kubeba wati zaidi kuliko ile ampli inakula, lakini redio je? FM ya Japani zamani ilikuwa inaanza 76 inaishia 90, na huku redio zetu mingi ziko juu ya 90, basi tuner, ile sehemu ya redio, yote inabakia pambo. Ya Marekani inafika 108, ila zile zenye kuonyesha stesheni na namba za umeme (dijitali) zinaruka 0,2 kwa 0,2, 88,1 kisha 88,3, redio yenye inaishia na 4 ao 8 hautaikamata sawasawa, isipokuwa iko na kibutoni nyuma cha kubadilisha. Muuzishaji hakuambii hata moja ya hayo.

Na sisi wenye tuko na disiki za baba zetu, za OK Jazz, za Jean-Bosco Mwenda, tuangalie kama nyuma kuko na fishi ya Phono. Sindano ya platini, mashini ya kuimbisha disiki, inatoa milivolti kama 5 tu, na sauti nzito (bass) ilipunguzwa wakati wa kukata disiki, Phono ndio inaikuza na kuirudisha. Ukifunga platini mu AUX unasikia kasauti kembamba kama mbu. Sony STR-DH190 iko nayo, Yamaha R-S202 haina, na zote mbili ziko mashini za wati 100 kila upande, kwa hiyo usiangalie nguvu tu.

Tena, kabla ya kutupa ya zamani, peleka kwa fundi. Ile krrr ukizungusha volimu mara nyingi ni vumbi mu potensiometa, kile kifaa nyuma ya kibutoni cha volimu, na ngurumo ya mmm mu bafle zote mbili mara mingi ni kondensateri zimekauka, hizo ni vitu vya bei ndogo. Akimaliza, apime na kontrolere, mashini ya kupima volti, pale bafle zinafungwa, bila muziki, kama anakuta volti nzima nzima asifunge bafle, zitaungua.

Ninaomba bauzishaji baandike volti juu ya etiketi ya bei, na baweke prizi na bafle dukani mtu asikilize disiki yake kabla ya kulipa. Na kama kuko fundi huku mu komini ya Kenya ao ya Kamalondo anajua kusuka upya transfo ya 100 ikuwe ya 220, tafazali ajitangaze mu gazeti hii, batu tuko tunamutafuta.

Msomaji wenu, Katuba