YAH: MALALAMIKO KUHUSU MAKOSA KATIKA KIJITABU CHENU CHA STESHENI YA MOMBO

Kwa Meneja wa Uchapishaji
(Jina la kampuni na anuani vipo kwenye bahasha)

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi waongoza wageni wa Mombo na Lushoto tulilipia nakala 200 za kijitabu hicho, na sasa tumeacha kuzigawa. Jalada peke yake linatosha kutuaibisha: treni ya umeme, nyaya juu yake, na chini neno "Mombo". Hiyo ni treni ya SGR, yaani reli mpya ya kisasa, ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024. Mombo hakuna hata nguzo moja ya nyaya hizo. Vichwa vya treni vya huku ni vya dizeli.

Ukurasa wa 3 mmeandika kwamba reli ilijengwa na Waingereza mwaka 1929. Mwaka huo ndio reli ilipofika Arusha, na kipande cha kutoka Moshi kwenda Arusha ndicho cha Waingereza. Cha Mombo ni cha Wajerumani. Kazi ilianzia Tanga mwaka 1893 chini ya kampuni binafsi, ikafika Muheza 1896, fedha zikakauka, na mwaka 1899 serikali ya kikoloni ikaichukua. Korogwe ilifikiwa 1902, Mombo 1905, kilomita 129 kutoka Tanga. Reli ikaishia hapa kwa miaka kadhaa kabla ya kusogezwa hadi Moshi, 1911. Hapo ndipo Mombo ilipopata kuwa mlango wa Usambara, maana mizigo ya Wilhelmstal, Lushoto ya leo, ilishushiwa hapa ikapandishwa mlimani.

Kamba ya angani iliyoteremsha magogo ya msitu wa Shume, juu milimani Usambara, mmeiweka Mombo. Ilishukia Mkumbara. Mgeni akija kutafuta mabaki yake stesheni kwetu atazunguka mchana kutwa bure. Wakati huohuo hamkugusa kabisa reli nyembamba ya matoroli ambayo Wajerumani waliitandika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kutoka Mombo kuelekea Handeni, nayo ndiyo ya hapa hasa.

Upana wa njia mmeandika milimita 1,120. Tunadhani tunajua mlikokosea: mpimaji alianzia ukingo wa nje wa reli moja akaishia ukingo wa nje wa nyingine. Kichwa cha reli kina kama sentimita 6, mara mbili ni 12, na ziada yenu yote iko hapo. Upana hupimwa kati ya kingo za ndani, mahali ulimi wa gurudumu unapopita. Weka futi ya chuma hapo utapata mita moja kamili. SGR ni milimita 1,435, kwa hiyo treni ya jalada lenu isingeweza kusimama Mombo hata kwa kuvutwa.

Kosa zito zaidi ni la ukurasa wa 9, kwa sababu linamgharimu msafiri. Mnamwambia apande treni ya abiria Tanga mjini. Treni ya Dar es Salaam kwenda Arusha haifiki Tanga. Inatoka reli ya kati pale Ruvu, inapita kipande cha kuunganisha kilichofunguliwa 1963, na kuingia reli ya Tanga upande wa Mnyusi, kabla ya Korogwe. Tena mmeandika "kila siku". Ina siku zake katika wiki, na masika yakibomoa tuta husimamishwa hadi njia itengenezwe.

Halafu mnasema abiria akishuka aunganishe gari la Lushoto "ndani ya dakika 15". Treni ya Dar huondoka alasiri, hivyo huku kwetu hupita usiku. Njia ni moja, na treni mbili zinapishana stesheni tu: ya mizigo ikichelewa huko mbele, ya abiria inasubiri. Barabara ya kupitia Soni ni kona tupu, si ya kuparamiwa na mgeni usiku wa manane. Andikeni alale Mombo, asubuhi ndipo apande mlima.

Tunaomba mambo matatu. Sitisheni uuzaji wa nakala zilizobaki. Chapeni upya jalada na kurasa za 3 na 9, na mtuletee nakala ya majaribio tuikague kabla ya mashine kuwashwa. Nakala zetu 200 zibadilishwe bila malipo, au tulichowalipa kirudishwe ndani ya siku 30 tangu mpokee barua hii. Ratiba msiichape kabisa, kwani hubadilika. Mwelekezeni msafiri aulize stesheni kabla ya kukata tiketi.

Nakala moja yenye masahihisho yetu kwa kalamu nyekundu imeambatanishwa.

Tunawasilisha.

Waongoza wageni,
Mombo na Lushoto