Salamu za Pasaka kutoka Ngamiani, Tanga: mwezi mmoja, sikukuu mbili

Ndugu, jamaa na marafiki, mlio karibu na mlio mbali: Kristo amefufuka! Heri ya Pasaka kwenu nyote, na kwa kila mnayekaa naye nyumba moja. Nanyi ndugu zangu Waislamu, ambao wakati wa Idd nilikuwa nimezama kwenye vitambaa hata simu nikashindwa kupokea, pokeeni leo salamu zangu. Zimechelewa, lakini zimetoka moyoni.

Naandika haya Jumatatu ya Pasaka, nimekaa barazani, cherehani nimeifunika kanga. Kesho tarehe 7 Aprili ni Siku ya Karume, kwa hiyo siigusi hadi Jumatano. Fundi nguo mwenzangu atanielewa nikisema siku mbili za kukaa bila kusikia sauti ya pedeli ni zawadi kubwa. Tangu kumi la mwisho la Ramadhani hadi Jumamosi jioni nilikuwa nalala vipande vipande. Nguo za Idd zilitoka mlangoni, na kabla sijafagia nyuzi zake sakafuni, za Pasaka zikaingia.

Ndipo nilipoanza kuutazama mwezi. Jioni ile watoto walipotoka mbio kwenye barabara zetu hizi za Ngamiani zenye namba, wakipiga kelele kwamba mwezi umeandama, nilikuwa nashona kifungo cha mwisho cha kanzu ya mtoto wa jirani. Nilitoka na sindano mkononi. Ulikuwa mwembamba kama ukucha. Basi mwezi uleule, siku kwa siku, ulinenepa juu ya paa langu hadi ukapevuka wiki hii tunayoiita Juma Kuu. Na Pasaka ndivyo inavyopangwa tangu zamani: Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza baada ya usiku na mchana kulingana mwezi Machi. Mwezi mmoja umefungulisha saumu ya majirani zangu, kisha umehitimisha Kwaresima yangu. Si kila mwaka inatokea hivi, na nimeifurahia kama mtu aliyepewa kitu chake peke yake.

Mwezi huo umetutawala hata jikoni. Wavuvi wa dagaa huhitaji giza, maana taa zao hazina kazi kukiwa na mbalamwezi, kwa hiyo wiki hii dagaa wabichi waliadimika. Lakini mwezi unaowanyima watu dagaa ndio unaoleta bamvua: maji hujaa sana, kisha hukupwa hadi miamba ikabaki wazi, na wanaochokoa pweza huingia kazini. Ijumaa Kuu nyama hatuli. Asubuhi hiyo nilinunua pweza mmoja kutoka Sahare, bado anang'aa. Nikampiga hadi akalegea, nikamchemsha taratibu, nikamuunga kwa tui zito na pilipili mbuzi moja nzima nisiyoipasua. Tulipotoka kwenye Njia ya Msalaba, miguu ina tope hadi magotini, tulimla na ugali wa moto bila kuzungumza sana. Ukiniuliza chakula ninachokipenda kuliko vyote vya mwaka, sitataja pilau. Nitataja pweza wa Ijumaa Kuu.

Na masika yameshika, jamani. Kaskazi imekatika, kusi bado haijatulia, tuko katika siku zile wazee wa pwani wanazoziita tanga mbili. Shuleni tulifundishwa majira ya kuchipua ya nchi za baridi, theluji ikiyeyuka na miti ikivaa majani. Mimi naona wiki hii ndiyo kuchipua kwetu. Jua limevuka juu ya vichwa vyetu kuelekea kaskazini na mvua imelifuata. Kila ufa wa ukuta umeota kitu. Nyuma ya choo mchicha umejiotea wenyewe, na majani ya kunde yamefika kiasi cha kuchumwa yakiwa machanga. Usiku vyura wa mtaroni hawapumui. Ile harufu ya tone la kwanza likigusa vumbi naipenda kiasi kwamba huacha kazi, nikasimama mlangoni nikaivuta.

Binti wa kaka yangu anaishi Hamburg. Alinipigia Jumapili ya Matawi.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Mbona mapema hivi leo?"

"Si mapema, shangazi. Usiku wa kuamkia leo tumesogeza saa mbele. Sasa mmetuzidi saa moja tu, si mbili tena."

Sijui kwa nini jambo dogo hilo lilinigusa. Nilihisi kama kasogea, kama kahama mji akaja mji wa jirani. Akanitumia picha ya maua ya njano yaliyochomoza kwenye majani kando ya njia anayopita kwenda kazini. Wajerumani, aliniambia, huyaita kengele za Pasaka. Nilimwambia na mimi nina salamu za kumpelekea: mbayuwayu waliokuwa wakijipanga kwenye nyaya za umeme mbele ya nyumba yangu tangu Novemba wamepungua sana. Wanaondoka kurudi kwao Ulaya kuzalia huko. Akicheka akasema ataangalia juu.

Jumanne usiku umeme ulikatika. Nilikuwa nimebakiza magauni manne. Nikashukuru kwamba sikuuza cherehani ya miguu niliyoachiwa na mama yangu, nikawasha chemli, nikaendelea. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, na haikupita nusu saa kumbikumbi wakaanza kumiminika kwenye ile taa. Watoto wa nyumba nzima wakaja na beseni la maji, wakaliweka chini ya meza, na kila kumbikumbi aliyeanguka alipigiwa makofi. Mabawa yakajaa juu ya vitambaa, mepesi, yanang'aa kama karatasi ya pipi. Niliyapuliza kwa mdomo kabla ya kila mshono. Asubuhi kuku walikuta karamu.

Katika magauni hayo manne lilikuwemo moja la satini ya njano, la binti wa miaka saba. Mama yake alileta kitambaa amechelewa, na nilipokitandika nikaona kinapelea. Marinda yametosha, mikono imetosha, mkanda wa kufungia nyuma haupo. Dukani rangi ile ilikuwa imekwisha. Nikakumbuka: jirani yangu wa mlango wa pili alimshonea bintiye gauni la Idd la njano hiyohiyo, na mabaki yake nilimkabidhi yeye mwenyewe yakiwa yamekunjwa kwenye mfuko. Nikagonga mlango wake saa tatu usiku.

"Shoga, yale mabaki ya gauni la mwanao bado yapo?"

Hakuuliza ya nini. Aliingia ndani na kurunzi, nikasikia sanduku likifunguliwa, akatoka nayo. "Chukua. Kitambaa cha Idd kikasherehekee na Pasaka."

Kilikuwa na upana wa viganja viwili. Nikakiunganisha katikati, mshono nikauficha pale fundo litakapokaa, nikakata uzi kwa meno kama mama yangu alivyokuwa akifanya na kama alivyokuwa akinikataza. Kisha nikalipiga gauni pasi ya mkaa. Harufu ya kitambaa kipya kinapopata moto kwa mara ya kwanza, hiyo nayo ni mojawapo ya vitu vyangu.

Jumamosi usiku tukaenda mkesha. Mvua ilitunyima kuwasha moto uwanjani, tukauwasha chini ya kibaraza cha kanisa. Padre akachora kwenye mshumaa mkubwa msalaba, herufi mbili za Kigiriki, na tarakimu za mwaka 2026, akapachika punje tano za ubani. Kanisa lote lilikuwa giza tupu. Mshumaa ukaingia. "Mwanga wa Kristo." "Tumshukuru Mungu." Tukawashiana mmoja kwa mwingine, benchi kwa benchi, kila mtu akikinga mwali kwa kiganja. Mbiu ya Pasaka ikaimbwa. Maneno yake ya kale ya Kilatini huwataja hata nyuki, waliotengeneza nta ya mshumaa ule, na kila mwaka nikisimama pale huwawazia, wadudu wadogo hivyo kutajwa katika usiku mkubwa hivyo.

Benchi la mbele yangu alikuwa amesimama mtoto wa gauni la njano. Kwa mwanga wa mishumaa satini ilikuwa kama inawaka kwa ndani. Niliuona mkanda. Niliona fundo, na mshono haukuonekana. Halafu ukafika wimbo wa Utukufu, taa zikawashwa zote mara moja, na kengele zilizonyamaza tangu Alhamisi Kuu zikalia kwa pamoja, kubwa na ndogo. Yule mtoto akageuka nyuma kumtafuta mama yake, macho yamemtoka kwa furaha, akaniona mimi. Akanishikia marinda kwa mikono miwili ili niyaone vizuri.

Jana ndiyo Pasaka yenyewe. Kabatini kwangu ilikuwepo sahani ya maua mekundu, ile iliyoletwa siku ya Idd ikiwa na tambi za sukari, zabibu kavu na visheti, imefunikwa kawa. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, kwa hiyo ilinisubiri wiki mbili. Nikapakua wali wa nazi, nikaweka paja la kuku wa kupaka, nikaongeza kachumbari pembeni, nikaifunika kawa ileile. Nilipofika mlangoni nilimkuta binti wa pale amevaa gauni lake la Idd, la njano. Alisikia kwamba kuna mwenzake mwenye la aina hiyo na alikuwa anataka kupelekwa akamwone. Tukaenda sote watatu, mimi katikati, tukiruka madimbwi.

Leo hao wawili wameshinda hapa barazani kwangu. Wamechafuka tope na sikuwakemea, maji na sabuni vipo. Nimechemsha chai ya mchaichai niliouchuma unadondosha maji, na maandazi ya jana tunayala na mbaazi za nazi. Kuna kimya kizuri cha mtaa wa sikukuu, redio moja mbali, na mtu anayetwanga kitu.

Basi wapendwa wangu, ninyi mliosafiri, Mungu awarudishe salama. Walio wagonjwa, nawaombea wapate nafuu. Mliofiwa mwaka huu na hii ni Pasaka yenu ya kwanza bila mtu wenu, nimewataja kwa majina usiku wa mkesha, nikiwa nimeshika mshumaa. Na wewe binti wa kaka yangu huko Hamburg, ukimwona mbayuwayu wa kwanza niambie siku hiyohiyo.

Upande wa baharini kumeshatanda, na nguo bado ziko kambani. Heri ya Pasaka. Naenda kuanua.