Michezo ya video ipimwe kwa kile inachomwachia mchezaji, si kwa mauzo

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo magazeti mengi huligusa juu juu tu, nalo ni michezo ya video iliyopendwa kuliko yote na sababu za kupendwa kwake. Mara nyingi orodha ya michezo hiyo inapochapishwa hupangwa kwa idadi ya nakala zilizouzwa. Minecraft, iliyokwisha kuuzwa nakala zaidi ya milioni 300, huwekwa kileleni, Grand Theft Auto V ya mwaka 2013 ikatajwa karibu nayo, na habari ikaishia hapo, kana kwamba mtu akishajua wanunuzi walikuwa wangapi amekwisha kujua pia walichokipenda. Mauzo ni habari ya biashara na yana mahali pake. Lakini hayawezi kueleza kwa nini mtu mzima mwenye kazi na familia arudie mchezo aliouanza utotoni, wala kwa nini mtoto aliyezaliwa juzi auchukue mchezo huohuo na asitake kuuweka chini.

Rai yangu, baada ya miaka mingi ya kucheza na ya kuwasikiliza wachezaji wenzangu wakibishana, ni kwamba michezo inayodumu ni ile inayomwamini mchezaji. Humpa kanuni chache anazoweza kuzishika upesi, kisha humwachia agundue mwenyewe yote yanayoweza kuzaliwa na kanuni hizo. Uzuri wa picha, wingi wa fedha zilizotumika na jina la kampuni huusaidia mchezo kununuliwa. Ugunduzi wa mchezaji ndio unaoufanya upendwe.

Nianze na Tetris, kwa kuwa sioni mchezo unaolionyesha jambo hili waziwazi zaidi. Aliyeubuni mwaka 1984 ni Alexey Pajitnov, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha kompyuta cha Akademia ya Sayansi ya Umoja wa Kisovieti jijini Moscow. Kompyuta aliyoitumia, Elektronika 60, haikuwa na uwezo wa kuchora picha, hivyo vipande vya mchezo vilionyeshwa kwa alama za mabano, zilezile zinazotumika katika maandishi. Hakuna shujaa, hakuna hadithi, hakuna adui. Kuna maumbo saba tu, kila moja likiwa na miraba minne, yanayoshuka mojamoja, na kazi ya mchezaji ni kuyageuza na kuyapanga ili mstari ujae na kutoweka. Vipande huzidi kuongeza kasi hadi mchezaji azidiwe. Hata hivyo, aliyeshindwa hajioni ameonewa, kwa sababu pengo lililomponza liko mbele ya macho yake na ni yeye aliyeliacha. Wachezaji huuthamini mno uadilifu huo, na ndio unaowafanya waanze upya papo hapo.

Kina cha mvuto huo kimeonekana hata katika utafiti. Mwaka 2000 Robert Stickgold wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba watu waliocheza Tetris waliviona vipande vikishuka walipokuwa wakianza kusinzia, na miongoni mwao walikuwamo wagonjwa waliopoteza kumbukumbu, ambao hawakukumbuka hata kwamba waliwahi kuucheza mchezo wenyewe. Kwa miaka mingi pia iliaminika kwamba toleo la Nintendo la mwaka 1989 haliwezi kuchezwa kupita hatua ya 29, kwa kuwa vipande hushuka upesi kuliko mkono unavyoweza kuvisogeza. Wachezaji wakabuni namna mpya za kushika kidhibiti na kukigonga kwa vidole, wakaivuka hatua hiyo, na Desemba 2023 kijana wa miaka 13 nchini Marekani akaufikisha mchezo mahali ambapo programu yenyewe ilikwama. Namna hizo za kuchezesha vidole hazikuwamo katika kitabu chochote cha maelekezo. Zilitoka kwa watu walioupenda mchezo kiasi cha kutokubali kwamba umekwisha.

Mchezo wa pili ninaotaka kuueleza kwa kirefu ni Super Mario Bros. wa mwaka 1985, uliobuniwa na Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka, ukapambwa na muziki wa Koji Kondo. Ningependa kila anayeandika kuhusu michezo ya video aitazame nusu dakika yake ya kwanza tu. Mario amesimama upande wa kushoto wa skrini akitazama kulia, na mbele yake pako wazi, hivyo mchezaji anajua aelekee wapi bila kuambiwa. Kiumbe kidogo chenye uso wa hasira kinamjia polepole. Asiporuka atakufa, lakini atakuwa amepoteza sekunde chache tu, na mara ya pili ataruka. Juu yake kuna tofali lenye alama ya kuuliza linalometameta. Akiligonga kwa kichwa hutoka sarafu. Katika tofali jingine hutoka uyoga unaoteleza kulia, ukagonga bomba, ukageuka na kumrudia, na kwa kuwa amebanwa chini ya matofali si rahisi kuukwepa. Ukimgusa, anakua. Kwa muda huo mfupi amefundishwa kuelekea kulia, kuruka, kugonga na kutofautisha kinachodhuru na kinachofaa, bila neno hata moja kuandikwa. Huo ni ualimu wa hali ya juu kabisa, na mtoto anayefundishwa hivyo hujihisi kwamba ameyajua yote kwa akili yake mwenyewe, jambo ambalo ni kweli.

Pac-Man, aliyebuniwa na Toru Iwatani wa kampuni ya Namco mwaka 1980, anafuata njia hiyohiyo kwa vizuka wake wanne. Mgeni hudhani wote wanamfukuza kiholela. Mzoefu hugundua kwamba kila mmoja ana tabia yake: yupo anayefuata nyuma moja kwa moja, yupo anayelenga mbele ya njia ili kumkatiza, yupo anayekaribia kisha akageuka. Kuanzia hapo mchezo hubadilika, maana mchezaji haangalii tena vizuka, bali anasoma nia zao.

Inafaa pia kukumbuka kwamba baadhi ya mambo yanayopendwa zaidi katika michezo hii hayakupangwa. Katika Space Invaders ya mwaka 1978, Tomohiro Nishikado aliona kwamba kadiri wavamizi walivyopungua ndivyo waliobaki walivyokwenda kasi, kwa sababu mashine ilikuwa na vichache vya kuchora, naye akaiacha hali hiyo kwa kuwa iliongeza taharuki. Katika Street Fighter II ya mwaka 1991, uwezo wa kuunganisha mapigo mfululizo ulijitokeza bila kukusudiwa, ukaachwa, na leo ni vigumu kuufikiria mchezo wa mapigano usio na mapigo ya namna hiyo. Mbunifu mwenye hekima hutambua kitu kizuri hata pale ambapo hakukiweka yeye.

Minecraft ndiyo iliyolifikisha wazo hili mbali zaidi. Ilipoanza kusambazwa mwaka 2009 haikumpa mchezaji maelezo yoyote ya maana. Alijikuta kwenye nchi pana ya vitalu, usiku unakaribia, na mengine akajifunza kwa kujaribu au kwa kumwuliza mwenzake. Ndani yake watu wamejenga miji, mahekalu na hata mashine za kuhesabu zinazofanya kazi. Mfano ambao mhariri wa gazeti hawezi kuupuuza ni wa Machi 2020, pale shirika la Waandishi Wasio na Mipaka lilipofungua maktaba kubwa ndani ya mchezo huo na kuweka humo makala zilizopigwa marufuku katika nchi za waandishi wake, ili wasomaji wa huko wazifikie kwa njia ya mchezo. Mchezo ambao watu wanaweza kuufanyia kazi ya namna hiyo, kazi ambayo waliouunda hawakuwahi kuitaja, haustahili kuelezwa kwa takwimu za mauzo peke yake.

Sitakaa sana kwenye michezo ya kandanda, si kwa kuidharau, bali kwa kuwa sababu ya kupendwa kwake inajulikana: hukalisha watu wawili bega kwa bega, wakataniana na kulipizana. Michezo migumu kama Dark Souls ya mwaka 2011 nayo hupendwa kwa sababu iliyo wazi kwa kila aliyewahi kuimaliza, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini Journey ya mwaka 2012 inahitaji neno zaidi. Humo msafiri anavuka jangwa kuelekea mlimani, na njiani hukutana na msafiri mwingine ambaye ni mtu halisi aliye mahali pengine duniani. Hawawezi kuzungumza wala kuandikiana. Wanachoweza ni kutoa mlio tu, na jina la mwenzake mtu huliona safari inapokwisha. Kwa kuwaondolea watu njia ya kutukanana, waliouunda mchezo huo waliwaachia nafasi ya kusaidiana tu, na wachezaji waliitumia kwa namna inayogusa moyo.

Najua yatakayosemwa kunipinga. Wapo watakaosema kwamba mapenzi haya ni kumbukumbu za utoto tu. Hoja hiyo ina ukweli kidogo, lakini haielezi kwa nini michezo mingine ya wakati uleule haikumbukwi kwa mapenzi. Mwaka 1982 Atari ilitoa mchezo wa E.T., uliotengenezwa kwa muda wa wiki tano hivi ili uwahi sikukuu za mwisho wa mwaka. Watoto waliupata kwa wingi, nakala nyingi zikarudi, na baadhi zikafukiwa jalalani huko Alamogordo, New Mexico, ambako zilifukuliwa mwaka 2014. Utoto ulikuwa uleule. Tofauti ilikuwa katika mchezo.

Wengine watasema kwamba ninachokiita mapenzi ni uraibu. Hili ni zito zaidi na nalijibu kwa uzito. Shirika la Afya Duniani limeuingiza ugonjwa wa kucheza kupita kiasi katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, na wanaougua wanastahili tiba na heshima. Aidha, iko michezo iliyoundwa makusudi ili imnase mchezaji kwa masanduku ya bahati nasibu yanayonunuliwa kwa fedha halisi, na Ubelgiji ilifanya vyema mwaka 2018 ilipotamka kwamba masanduku hayo yanavunja sheria zake za kamari. Lakini aliyenaswa na anayependa hawafanani. Anayependa ataweza kukueleza alichokigundua, kwa undani, hadi uchoke kumsikiliza; aliyenaswa atakueleza anachosubiri kukipata. Mzazi anayetaka kujua mwanawe yuko upande gani amwombe amweleze mchezo wake, kisha amsikilize hadi mwisho.

Ndiyo maana naliomba gazeti lako lifanye mambo mawili. La kwanza, habari za michezo ya video ziandikwe na watu wanaoicheza, kwa makini yaleyale yanayotolewa kwa vitabu na sanaa nyingine, wakieleza mchezaji anafanya nini na anajifunza nini. Jumba la makumbusho la MoMA la New York liliingiza michezo 14 katika hazina yake mwaka 2012, Pac-Man na Tetris zikiwamo, kwa hiyo hakuna haja ya kuona haya. La pili, liandike kuhusu upoteaji wa michezo ya zamani. Utafiti uliotolewa mwaka 2023 na Video Game History Foundation ulionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo iliyotolewa Marekani kabla ya mwaka 2010 haipatikani tena sokoni, na mchezo usioweza kuchezwa hauwezi kupendwa na kizazi kingine. Na endapo mtachapisha orodha nyingine ya michezo bora ya nyakati zote, waulizeni wasomaji waliichagua kwa ajili ya nini, na majibu yao myachape kwa ukamilifu kando ya kila jina.

Wako mwaminifu,
Msomaji na mchezaji