Gari la kuishi mwaka mzima: picha za Marekani zisituponze

Ndugu Mhariri, pole na majukumu.

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua maana hili jambo huku Mwanza limekuwa stori ya kila kijiwe, hasa kwa sisi tunaofuata minada. Toka Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 mtu leo anashinda Misungwi, kesho yuko Sengerema, keshokutwa Katoro, na gesti ndo zinakula faida yote, sasa vijana wameanza kusema bora nitafute gari niligeuze chumba niishi humohumo mazima. Wazo halina ubaya, mimi mwenyewe ndo maisha yangu. Ila wengi kabla ya kutoa hela wanaingia mtandaoni kuangalia magari-nyumba ya Wamarekani, wanatoka na akili za huko, afu wanakuja kuzibandika Buhongwa.

Huko wenzetu wameyapanga kabisa. Klasi A ni basi zima limejengwa nyumba ndani, Klasi B ni kipanya, Klasi C ni lori dogo lina boksi nyuma na kitanda juu ya kichwa cha dereva, afu kuna matela ya kuvutwa, na yale makubwa zaidi yanakaa mgongoni mwa pikapu. Wanaoishi humo muda wote wengi wanayapenda hayo matela makubwa na sababu yao ina akili: unafika kambini unalichomoa tela linabaki, unachukua pikapu unaenda sokoni, na hapo kambini kuna bomba la maji, soketi ya umeme ya ampea 30 au 50 na shimo la kumwagia choo. Yani gari lenyewe ni nusu ya nyumba tu, nusu nyingine ni kambi. Sisi hiyo nusu nyingine hatuna, kwahiyo ukinunua gari la hivo umenunua nusu nyumba kwa bei ya nyumba.

Tela kwa huku sishauri. Linataka namba yake ya usajili, linataka gari lenye nguvu ya kulivuta, na ukilichomoa uwanjani ukaenda kufuata mzigo ukirudi usishangae ukilikuta limekaa juu ya mawe, tairi zimeondoka. Na kurudi nyuma na tela kwenye vichochoro vya Mabatini, hapo kila mtu apime ubavu wake.

Lile basi la Klasi A nalo, hata ukipewa bei ya kutupa waza kwanza. Usukani uko kushoto. Mengi ya petroli ya miaka ya nyuma yamefungwa injini ya Ford V10 ya lita 6.8, hiyo lita 25 mpaka 30 inakunywa kwa kilomita 100 bila aibu, na ikikugomea Lamadi spea utaisubiri mpaka mvi zikuote. Umeme wa ndani ni wa volti 120 wakati TANESCO ni 230. Afu lina mkia mrefu nyuma ya tairi, na matuta yetu unayajua Mhariri, kila kijiji kina lake.

Kwahiyo tunabaki na yale tunayoyaona barabarani kila siku. Hiace ni rahisi, spea kila kona, ila kwa kuishi mwaka mzima utachoka mgongo, hata ile ya paa la juu mtu mzima anainama, unavaa suruali umekaa, unapika umepinda. Kwa wikiendi sawa. Kwa mtu wa peke yake mwenye mzigo mdogo labda.

Canter yenye boksi ndo inagawa watu. Kuna mafundi wanauza yale maboksi yaliyokuwa yanabeba sangara, na kiukweli kwa joto hakuna linaloyashinda, ukuta una povu katikati, saa nane mchana umepaki juani ndani bado kuna nafuu, na mvua ikipiga huisikii sana. Ila harufu! Utaosha na sabuni, utaosha na siki, utaacha mlango wazi hata mwezi, siku ya joto ile harufu inarudi kukusalimia. Halafu halina dirisha, na ukilitoboa fundi asipoziba vizuri pembeni maji yanaingia kwenye povu, likishalowa halikauki tena na uzito unaongezeka. Lingine ambalo watu hawaliwazi, kichwa na boksi havijaungana, usiku ukisikia watu wanazungukazunguka nje huwezi kuruka kwenye usukani ukaondoka, lazima ushuke kwanza. Kwa mwanamke anayelala peke yake barabarani hilo peke yake linatosha kusema hapana.

Mimi nasema Coaster, tena ile yenye injini ya 1HZ. Ina lita 4.2 za dizeli, silinda sita, haina mambo mengi ya kompyuta, fundi wa Geita anaijua, wa Bunda anaijua. Ndefu yake ni mita 7 kasoro kidogo na upana mita 2 na kidogo, kitanda kinakaa nyuma kwa upana, jiko nyuma ya dereva, na mtu wa kimo cha kawaida anasimama wima. Kutoka kitandani mpaka kwenye usukani unatembea ndani kwa ndani. Na radi za huku ziwani ambazo zinapenda usiku na alfajiri, ukiwa ndani ya bodi la chuma umefunga vioo uko salama kuliko kwenye magari yenye bodi la faiba.

Ila ukiinunua usiangalie rangi, rangi ni ya jana. Nenda na bisibisi. Nyanyua kapeti juu ya tairi za nyuma, gonga, kandamiza, angalia na ngazi ya mlango wa abiria kwa chini, bisibisi ikizama achana nayo, maana Coaster injini inafufuka lakini bodi lililooza litakula hela mpaka uchoke. Zilizotoka Japani sehemu za theluji zinaliwa na chumvi ya barabarani kwa chini, na zilizopiga daladala zimetobolewa kila mahali kufunga viti na mabomba. Mlango nao ubadilishe, ule wa kukunja hauna komeo la maana kwa ndani. Vioo ni vingi mno, ziba nusu yake. Makabati usikubali MDF, zile mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa, mvua ya kwanza inavimba, weka marini bodi, plaiwudi inayovumilia maji.

Sola panaposumbua kwa wenzetu sisi tumebarikiwa, Mwanza tuko nyuzi 2 na nusu tu kusini ya ikweta, paneli unailaza flati juu ya paa na inafanya kazi mwaka mzima bila kuiinamisha popote. Mtungi wa gesi wa kilo 6 unatosha, ila toboa tundu la hewa chini kabisa sakafuni maana gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia chini. Na neti iwe ya matundu madogo sana, mwezi ukiandama wale wadudu wa ziwani wanatoka wingu zima wanafuata taa, neti ya kawaida ya mbu wengine wanapita.

Choo ndo pale watu wanapoficha ukweli. Wamarekani wana tanki la kinyesi chini ya gari wanaenda kumwaga kwenye vituo maalum, hapa utalimwaga wapi, ziwani? Usijenge tanki kabisa. Tumia ndoo yenye mfuniko, mkojo pembeni, juu unamwagia randa za mbao ambazo seremala anakupa bure, na mchana unatumia vyoo vya kulipia. Kuoga na maji ya ziwa ya pembeni penye majani pia acha, kichocho kipo, beba maji yako. Lita 100 ni kilo 100, kwahiyo tanki liwe karibu na katikati ya gari, usilining'inize nyuma.

Sasa ombi langu, Mhariri, kwa halmashauri zetu za huku kanda ya ziwa: mnakusanya ushuru wa minada kila wiki, tutengeeni uwanja mmoja tu maeneo ya Usagara pale njia inapokata kwenda Kigongo, uwe na bomba, choo, taa na mlinzi, tulipie kwa usiku na mtupe risiti. Sasa hivi tunalala yadi za malori na vituo vya mafuta kwa hisani ya mlinzi, na hisani yenyewe kila usiku ina bei tofauti.

Msomaji wako,
Muuza mitumba wa minadani,
Buhongwa, Mwanza.